Maktaba Kuukuu Alizozifuta Wakoli

Wakoli alikuwa mtu wa ufagio. Pale Kibomet, nyuma ya mashine ya kusaga unga, alikuwa na chumba kimoja cha mabati alimotengeneza kompyuta za makanisa, shule na wauza mbegu wa Kitale, na hakuna mteja aliyewahi kuona waya umelala sakafuni humo. Kompyuta ilipofika kwake, kabla hajauliza inaumwa nini, alikuwa ameshaanza kuipunguzia mizigo: hii haitumiki, futa; hizi ni za mwaka juzi, futa. Mkewe Nasimiyu alimtania kwamba siku moja atamfuta hata yeye kwa sababu amekaa sana. Wakoli alicheka. Alikuwa na miaka thelathini na moja na alidhani usafi na usalama ni kitu kimoja, kosa ambalo wasafi wengi hulifanya.

Mashine zake zote ziliendeshwa na Linux, programu kuu inayoendesha kompyuta, kwa sababu haikudai leseni na kwa sababu alipenda kitu ambacho unaweza kukifungua ukaona utumbo wake. Kila Jumamosi alishuka mjini, akaingia saiba, akalipia nusu saa ya mtandao na kusoma matangazo ya wale watu wa kujitolea, waliotawanyika dunia nzima, walioitunza Linux aliyoitumia. Ndiko alikosoma, mwaka 2006, kwamba toleo lijalo lisingekuwa na maktaba za zamani.

Si maktaba za vitabu. Programu ya kompyuta haibebi kila kitu chake yenyewe. Kazi za kawaida, kama kufungua faili au kupanga majina, huziazima kwenye mafaili ya pamoja yanayoitwa maktaba. Maktaba zikibadilishwa sana, programu zilizoundwa kwa zile za mwanzo hukwama. Kwa hiyo watunzaji huziacha zile kuukuu zikae pembeni kwa miaka, ili programu wazee ziendelee kupumua. Hizi zilikuwa za kabla ya 1998, na waliozitunza walikuwa wamechoka. Wakauliza mara tatu, kama kanisa linavyotangaza ndoa Jumapili tatu: kuna mtu bado anazitumia? Kama yupo, aseme.

Hakuna aliyesema. Wakoli alisoma tangazo mara zote tatu, akafurahi, akamwambia Nasimiyu kwamba zimechelewa hata kuondolewa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baadaye aliwaandikia, ndiyo, lakini ilikuwa mwaka umeshapita, na barua yake ilikuwa ndefu na ya woga. Wakamjibu kwa adabu kwamba kama anazihitaji hivyo basi azitunze yeye, na mpaka leo anazitunza. Lakini nisikimbilie huko.

Nasimiyu alitoka upande wa Kabuchai, kwa watu wa miwa na mahindi. Damu yake ilikuwa ya kundi O hasi, kundi ambalo kule kwetu unaweza kuita baraza zima la chifu usipate watatu. Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa ya miezi sita, akavuja damu siku mbili katika hospitali moja ambako kila aliyepimwa hakumfaa. Alipona kwa neema tu. Tangu siku hiyo Wakoli alianza kulala usingizi wa kuku. Mkewe akikohoa, yeye ameshakaa.

Mimba ya pili ilipofika, daktari aliwashauri mtoto azaliwe mahali ambapo watu wa damu ile wanajulikana kwa majina. Mahali hapo palikuwapo. Hospitali moja ndogo ya misheni, huko huko Kabuchai, ilikuwa na orodha ya watu wapatao mia sita waliokubali kutoa damu wakiitwa: jina, boma, kundi la damu, namba ya simu, na tarehe ya mwisho kutoa. Orodha ilikaa ndani ya programu aliyoiandika fundi mmoja mgeni wa kujitolea, mwaka 1997, kisha akarudi kwao. Aliyeitunza kwa miaka kumi alikuwa mama mmoja aliyeajiriwa kwanza kufagia wodi, Nabwile. Nabwile ndiye aliyemzaa Nasimiyu.

Hapo ndipo pana jambo. Upande wa kina Nasimiyu bado walishika mwiko wa zamani wa Wabukusu: mkwe na mama mkwe hawaonani. Hawapeani mkono, hawaingii chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Wanaouvunja, wazee husema, hawaumii wenyewe. Anaumia mtoto. Huzaliwa akitetemeka mikono, na wengine hawamalizi mwezi. Kuna taratibu za kuufungua mwiko huo, zenye kondoo na wazee na siku iliyopangwa, lakini Wakoli alikuwa akiziahirisha kila mwaka, kwa sababu aliwaambia rafiki zake wa mjini kwamba yeye haamini mambo hayo. Haamini, na katika miaka minne ya ndoa hakuwa ameuona uso wa Nabwile. Hata siku ya harusi kanisani aliona mgongo wake tu na leso aliyojifunika.

Mwezi wa pili wa 2007 printa ya hospitali ilikufa, na mpya iliyonunuliwa haikutambuliwa na Linux kuukuu iliyokuwa kwenye kompyuta ya rekodi. Msimamizi wa hospitali, Hiram, mwanamume wa tai na kalamu tatu mfukoni, akavuta miezi sita kabla hajamwita Wakoli aje aweke toleo jipya. Wakoli alikubali haraka. Ilikuwa Agosti, mkewe alikuwa amebakiza siku chache, na tayari alikuwa kwa shangazi yake karibu na hospitali. Angefanya kazi huku akimwangalia.

Wakapanga kama watu wanavyopanga kwetu. Nabwile angetoka kwa mlango wa nyuma saa sita, Wakoli angeingia kwa mlango wa mbele saa sita na robo, na maneno yote kati yao yangebebwa na Hiram. Wakoli alimwomba Hiram amuulize mama kama kuna programu yoyote ya zamani humo ndani, ya kabla ya 1998. Ilikuwa swali zuri. Lakini Hiram hakulifikisha. Aliona aibu kwa niaba ya hospitali yake, akajibu mwenyewe papo hapo.

"Ya zamani? Hapana bana. Si sisi tuko kisasa hapa."

Wakoli akaingia. Chumba kilikuwa kidogo, kina harufu ya sabuni ya mche. Sweta ya Nabwile ilining'inia kwenye mgongo wa kiti, na kiti kilikuwa na mto alioushona mwenyewe. Basi mwanamume huyu asiyeamini mambo hayo alikisukuma kile kiti kando kwa ncha ya kiatu, kwa heshima, akafanya kazi yote amesimama. Kwenye kiti cha mama mkwe hakuketi. Alisimama saa nne, mgongo ukimuuma, na alipokaribia mwisho mashine ilimwonyesha orodha fupi ya vitu ambavyo toleo jipya halivitambui tena, maktaba za zamani zikiwa juu kabisa, ikamuuliza kama iviondoe. Wakoli akajibu ndiyo, na hakuwaza hata dakika moja.

Akaijaribu printa. Ikachapa. Akajaribu hesabu za vitanda na barua za Hiram, zote zikafunguka. Programu ya Nabwile hakuigusa. Ilikuwa na neno lake la siri, ilikuwa kazi ya mikono yake, na kuifungua hakuna mwenyewe kulimtia haya, kama vile kufunua chungu jikoni kwa mama mkwe. Mama ataifungua mwenyewe Ijumaa, alijisemea. Ilikuwa Jumatano, na Alhamisi Nabwile alikuwa na ruhusa ya mazishi.

Ijumaa, saa nane mchana, kabla Nabwile hajapata sababu ya kuifungua, Nasimiyu aliletwa akiwa amejishika tumbo, na kanga yake imelowa damu mpaka magotini.

Wakoli alikuwa kwenye benchi la ukumbi wakampitisha mbele yake. Hakumtazama mumewe; macho yalikuwa wazi lakini yalitazama dari. Wakoli aliwafuata mpaka mlango wa wodi, wakamwacha nje. Muuguzi Jepchumba, mwanamke mrefu kutoka Trans-Nzoia asiyepoteza maneno, alitoka wodini baada ya dakika kumi akamweleza hali: mtoto yu hai, kondo la nyuma limeanza kujiachia, lazima mama apasuliwe. Lakini daktari hawezi kumpasua pasipo chupa mbili za damu mkononi, na benki ya damu iko mji mwingine, saa nne kwenda na kurudi.

"Hana masaa manne," Jepchumba alisema. "Lakini usijali sana, mama yake ameenda kutoa majina kwa kompyuta."

Wakoli akashukuru Mungu. Alishukuru kwa dakika tano hivi. Kisha Jepchumba akarudi mbio kutoka upande wa rekodi, na uso wake ulikuwa umebadilika. Mashine inamwambia mama kwamba programu haipo. Hiram yuko Bungoma mjini mkutanoni. Mama ametoka kwa mlango wa nyuma. Ingia wewe, alimwambia, upesi.

Aliingia, akasimama pale pale aliposimama Jumatano. Akaandika jina la programu. Mashine ikajibu kwamba hakuna faili kama hilo. Akaorodhesha mafaili: hilo hapo, jina lile lile, halijapungua hata herufi. Akaliita tena. Hakuna faili kama hilo. Jasho likamtoka mgongoni, maana hakuna kinachotisha kama mashine inayokana kitu unachokiona kwa macho yako. Alijaribu mara ya tatu kabla akili haijamfungukia. Kilichokosekana si programu. Ni maktaba ambayo programu iliitegemea ili iamke, na mashine haikuwa na adabu ya kumwambia ni ipi kati ya hizo mbili haipo. Maktaba hiyo aliiondoa kwa mkono wake mwenyewe.

Hata hapo hakukaa. Alihesabu njia zilizobaki na kila moja ilikuwa imefungwa. Diski ya toleo la zamani ilikuwa Kibomet, ndani ya chumba kilichofungwa, ufunguo mfukoni mwake. Saa moja na nusu kwenda, na matope ya Agosti. Mtandao wa hospitali ulipitia waya wa simu, na waya huo wezi wa shaba walikuwa wameukata tangu Juni. Orodha ya karatasi haikuwapo kwa sababu printa ilikuwa imekufa miezi sita. Nabwile aliwakumbuka wawili kwa kichwa, Jepchumba alimwambia, lakini mmoja alizikwa jana, na ndiyo yale mazishi, na mwingine alihamia Nakuru. Jepchumba akarudi wodini kwa mgonjwa wake. Wakoli akabaki na mashine.

Ndipo aliposikia pumzi nyuma ya mlango wa nyuma. Mtu alikuwa amesimama nje, karibu sana na ubao, naye pia alikuwa akihema. Hapakuwa na Hiram wa kubeba maneno. Hapakuwa na mtu yeyote.

Watu wetu wana njia ya kupita hapo pia: ukikosa mjumbe, unaongea na kitu. Wakoli aligeukia ule mlango.

"Mlango," alisema, "mwambie mama ni mimi niliharibu. Nilitoa kitu ya zamani nikidhani haina kazi. Mwambie kama yule mgeni aliacha chochote, diski, hata karatasi, nakiomba."

Ikajibu sauti ya mwanamke mzima, nzito, iliyokuwa ikijizuia kulia.

"Mlango, mwambie huyo baba kabati iko nyuma yake. Diski iko ndani ya mkebe wa biskuti."

Ufunguo ukasukumwa chini ya mlango, ukasimama penye ncha ya kiatu chake. Akafungua kabati, akatoa mkebe. Ndani mlikuwa na diski thelathini hivi zile bapa nyeusi. Yule mgeni alikuwa amemwachia Nabwile diski moja ya dharura yenye programu na maktaba zake zote, na kumwambia aitoe nakala kila mara kwa sababu diski huchoka. Nabwile alitii. Miaka kumi alitoa nakala tatu kila mwaka, wala hakutupa hata moja. Usiache mbachao kwa msala upitao; huyu hakuacha mbacha wowote. Vibandiko vilikuwa vimefifia vyote.

Wakoli akauliza mlango ni ipi. Mlango ukamjibu ni ile ya mwisho, yenye kibandiko cha kijani. Kulikuwa na tisa ambazo huenda zamani zilikuwa kijani. Akaingiza ya kwanza. Mashine ilisaga, ikaguna dakika nzima, ikasema haisomeki. Ya pili, haisomeki. Ya tatu ilisomeka nusu ikakwama, akaing'oa kwa kucha. Kutoka wodini akasikia Jepchumba akiita kwa sauti, mara mbili, kwamba mama anapoa mwili, anapoa mwili.

Nyuma ya mlango pumzi ilikatika. Komeo likasogea.

Wakoli alijua kinachokuja, na nakwambia kweli, aliogopa hicho kuliko alivyoogopa mashine. Haamini, alikuwa amesema. Lakini mtoto alikuwa bado tumboni, hai, na kuna jambo moja tu ambalo wazee walisema humdhuru mtoto kama huyo. Alitaka kumwambia mlango usifunguke. Alitaka pia ufunguke. Akageuza uso ukutani, akafunga macho kama mtoto mdogo anayejificha, na akasikia nyayo za ndala zikiingia.

"Fungua macho," Nabwile alisema. Hakuuambia mlango. "Mficha uchi hazai."

Akafungua. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso ule ule wa Nasimiyu uliokaa juani miaka zaidi. Hakumtazama zaidi ya nukta moja. Mikono yake ilipita juu ya diski kama mtu anayechagua mbegu, akaiacha ya kijani ya juu, akaiacha iliyofuata, akachomoa moja ambayo Wakoli angeapa ilikuwa ya bluu, akaiweka kwenye kiganja cha mkwewe. Vidole vyao viligusana. Wote wawili waliliona hilo.

Diski ilisomeka. Wakoli alizirudisha maktaba kuukuu mahali alipozing'oa, moja moja, akiomba kwa sauti bila haya, kisha akasogea, na Nabwile akaketi kwenye kiti chake akaandika neno lake la siri. Orodha ikajitokeza. O hasi walikuwa saba. Wawili walikuwa karibu: Cheruiyot, mwalimu wa shule iliyo ng'ambo ya mto, na Gikonyo, mwenye duka la mbolea sokoni. Wakoli akawapigia simu. Wote wawili walishika, na wote wawili walisema wanakuja, Gikonyo bila hata kufunga duka.

Walifika kwa baiskeli ndani ya nusu saa, wakapimwa upesi, wakalala wakatolewa damu. Saa kumi na moja kasoro Nasimiyu aliingizwa chumba cha upasuaji. Mumewe na mama yake walikaa kwenye benchi moja la ukumbi, mmoja huku na mmoja kule, katikati pakatosha watu wanne. Hapakuwa tena na sababu ya kukimbiana. Wagonjwa waliojua ukoo wao walipita wakaangalia pembeni.

Jua lilikuwa bado juu ya miwa Jepchumba alipotoka. Mama anapumua, alisema, ataamka. Na hapa kuna msichana.

Aliwaletea mtoto akiwa amefungwa kitambaa cha kijani cha hospitali, akamlaza kwenye kitanda kidogo kando ya benchi ili akachukue mzani. Wakoli alisogea. Nabwile akasogea kutoka upande wake. Mtoto alikuwa na nywele nyingi, na uso umekunjamana kwa hasira ya kuzaliwa. Kisha mikono yake miwili midogo ilichomoka kwenye kitambaa, ikapanda hewani, ikatetemeka.

Jepchumba aliyekuwa anarudi na mzani alisema watoto wote hufanya hivyo, ni baridi tu, mfunikeni. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa akapita. Wakoli alimsikia na hakumsikia. Alimtazama Nabwile usoni, safari hii kwa kusudi, akitafuta mtu mmoja duniani wa kumwambia kwamba si ule mwiko, na akakuta macho ya mama mkwe wake yanamtafuta yeye, yakimwomba neno lile lile.

Nabwile akaushika mkono mmoja wa mtoto, Wakoli akaushika wa pili, wakaibana taratibu ili itulie, wakakaa hivyo wakihesabu pumzi zake.